Mbwa Alijua Njia

Jumapili ile niliamka nikiwa na jibu. Nilikuwa nimelala nalo, na asubuhi nilipokaa kibarazani kuvaa mabuti ya mpira lilikuwa bado lipo kifuani, limetulia. Jibu lenyewe lilikuwa ndiyo.

Raitis aliniuliza tangu mwezi wa sita, usiku wa sikukuu ya Jāņi, kijiji kizima kikiwa ufukweni kwenye mioto. Alikuwa amevaa shada la majani ya mwaloni, limemkaa upande kama kofia ya mlevi. "Velga," akaniambia, "utanioa lini?" Ndivyo alivyosema, eti nitamuoa lini mimi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipomaliza kucheka nikamwambia anipe muda mpaka vuli, majani yakipukutika. Sababu ya kuomba muda ilikuwa moja tu, na ilikuwa na jina. Iliitwa Austra, na ilikuwa mama yangu.

Mama hakumtaka Raitis. Kwanza, alikuwa ameshaacha mke mmoja mjini. Pili, alikaa Ayalandi miaka mitano akirudi nyumbani wakati wa Krismasi tu, na mama anaamini mtu aliyezoea kuondoka ataondoka tena. Tatu, na hili ndilo alilolisema mara nyingi kuliko yote, Raitis hamalizi supu yake.

"Umemwona?" mama alikuwa akiniambia, bakuli mkononi. "Kila mara anaacha vijiko viwili. Sasa huyo atamaliza nini maishani?"

"Mama, supu yako ina chumvi."

"Baba yako aliinywa miaka thelathini na moja."

"Na akafa."

"Alikufa kwa kifua, usinizushie!"

Basi tuliishi hivyo, mimi na mama, tangu baba alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, naoka mikate ya kijiji kizima, na bado nilikuwa naulizwa narudi saa ngapi.

Lakini vuli ilikuwa imefika, na mimi nilikuwa nimechoka kuogopa. Niliamua kwamba jibu langu sitalitoa kwa mdomo. Nitampeleka Raitis mahali petu pa uyoga.

Hapa pwani kwetu kila mtu huokota uyoga, na hakuna anayesema anauokota wapi. Jirani unaweza kumuuliza mshahara wake, unaweza kumuuliza hata amegombana na mumewe kwa ajili ya nani, atakujibu na chai atakupa. Muulize uyoga ameutoa wapi, atakwambia, "Msituni." Mahali petu alipagundua bibi yangu. Alimwonyesha mama, na mama akanionyesha mimi nilipotimiza miaka saba, baada ya kuniapisha mbele ya picha ya bibi. Baba alionyeshwa Jumapili ya kwanza baada ya harusi yao, na si hata siku moja kabla ya hapo. Pale haonyeshwi mtu mpaka awe wa nyumbani. Raitis amezaliwa kijiji cha pili kutoka kwetu. Nikimfikisha pale sitahitaji kusema neno, ataelewa mwenyewe.

Alikuja saa tatu asubuhi, gari ameliacha upande wa ufukweni, pamoja na mbwa wake, Rudzis, mwenye rangi ya kutu na sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Rudzis alinirukia kama kawaida. Raitis alinibusu shavuni. Shavuni, nawaambia, kama mtu anayemsalimia shangazi.

Mama akatokea mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu.

"Mnakwenda wapi?"

"Kutembea, mama."

"Chukua kikapu changu, basi. Hicho chako kimetoboka." Akanipa kikapu chake, ambacho sikuwahi kukigusa bila kugombezwa. "Na wewe, Raitis, utarudi kula. Napika viazi."

"Asante, mama Austra," alisema Raitis, macho chini.

Nikamtazama mama vizuri. Tangu nimjue Raitis, mama hajawahi kumkaribisha mezani bila kwanza kukohoa na kuugua. Nikajiambia, huyu ana lake jambo. Lakini siku hiyo sikutaka kuuliza.

Tukaondoka. Njia ya msituni inaanzia nyuma ya makaburi, halafu inafuata bahari, ila huioni. Unaisikia tu upande wa kushoto, nyuma ya misonobari, inavyopigapiga. Usiku kulikuwa na upepo, na majani ya manjano yalikuwa yametapakaa njia nzima, yameloa, yananuka ule mnuko wa udongo na uyoga ambao ningeujua hata nikiwa nimefumba macho. Rudzis alitangulia, pua chini, mkia juu.

"Mbona kimya?" nikamuuliza Raitis.

"Nimelala vibaya."

"Peke yako?"

Siku nyingine angenijibu utani wangu na kuuzidisha. Siku hiyo alitabasamu upande mmoja tu. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na haukunibana.

"Velga, nina neno nataka nikwambie."

"Na mimi ninalo. Langu kwanza."

"Afadhali langu li..."

"Raitis! Nimengoja tangu mwezi wa sita. Langu kwanza, na sikwambii hapa. Tukifika."

"Tukifika wapi?"

"Utaona," nikamwambia. Nilikuwa na furaha, jamani. Nataka hilo lijulikane. Asubuhi hiyo, kwa muda wa nusu saa hivi, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa pwani ile.

Kuna jiwe kubwa kando ya njia, limepasuka katikati. Hapo ndipo unapoiacha njia. Unaruka mtaro, unalizunguka bwawa la matope kwa upande wa mti ulioanguka, unapita chini ya matawi ukiwa umeinama, na unatokea. Mgeni hawezi kuijua njia hiyo. Hata mimi nilipotea mara mbili nikiwa msichana.

Tulikuwa bado hatujalifikia jiwe. Rudzis alikuwa mbele yetu hatua arobaini. Akafika kwenye jiwe, akakata kushoto bila kusimama, akauruka mtaro, akaingia.

"Rudzis!" nikaita. Kisha nikacheka. "Mwone! Mbwa wako ana kichwa cha mama yangu. Anajua tunakokwenda."

Raitis hakucheka.

"Rudzis, njoo hapa!" akaita. Sauti ilimtoka kali, ya mtu aliyeshtuka. "Njoo hapa, we mbwa!"

Mbwa hakuja. Tukamfuata. Nilimwona mbele akilizunguka bwawa kwa upande wa mti ulioanguka, upande ule ule, na sio upande wa pili ambao unaonekana rahisi zaidi. Nikamwona anainama chini ya matawi. Kicheko kilikuwa kimeshaniisha. Niliinama na mimi, nikapita, nikatokea.

Mahali petu ni uwazi mdogo, hauzidi ukubwa wa kanisa letu. Ardhi yote imefunikwa na kuvumwani, lile zulia laini la kijani ambalo mguu unazama ndani yake. Katikati kuna gogo la kale. Upande wa kulia limeoza, kwa hiyo mama hukaa upande wa kushoto, hufungua chupa ya chai, hukata mkate mweusi na samaki wa moshi.

Rudzis alikuwa amekaa mbele ya gogo, upande wa kushoto. Amenyoosha shingo, anatazama pale anapokaa mtu, udenda unamtoka. Alikuwa anangoja mkate.

Nilisimama.

"Mbwa hunusa," alisema Raitis nyuma yangu. "Labda kuna mtu amepita na chakula..."

"Nyamaza kidogo."

Nikapiga magoti, nikapapasa ardhi. Uyoga ulikuwepo, kofia zake za kahawia zimejitokeza huku na kule. Lakini hapa na pale kulikuwa na sehemu zilizokatwa siku nyingi, na kila sehemu ilikuwa imefunikwa vizuri kwa kipande cha kuvumwani, na juu yake limewekwa tunda kavu la msonobari. Mama peke yake ndiye anayefanya hivyo. Anasema anaufunika ili ulale. Nilihesabu saba.

Nikainuka. "Alikuleta lini?"

"Velga..."

"Jina langu nalijua. Alikuleta lini?"

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Ile Jumamosi ulipokwenda mjini kwenye maonyesho ya mikate."

"Tarehe ishirini na nane."

"Nadhani."

"Wiki tatu. Umekaa nalo wiki tatu, na mama amekaa nalo wiki tatu, na mimi katikati yenu nakula supu. Alikuleta kukwambia nini?"

Raitis akaketi kwenye gogo, upande uliooza, likalia chini yake. Rudzis akahamia miguuni kwake.

"Ni macho yake," alisema. "Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hujaona? Aliniomba nije naye kwa sababu peke yake angepotea. Tulitembea, amenishika mkono. Uyoga mimi ndiye niliyekuwa namwonyesha, yeye anakata."

Nilikuwa nimeona, ndio maana iliniuma. Nilikuwa nimeona kahawa ikimwagika nje ya kikombe. Nilimuona akipapasa ukuta wa ghala. Nilipomuuliza alisema ni mkono, mkono umechoka, na mimi nikakubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

"Endelea."

"Aliniomba nikuache."

"Alisemaje? Nataka maneno yenyewe."

"Alisema hana mtu mwingine. Kwamba nikikuchukua atabaki gizani peke yake. Akalia, Velga. Mama yako akalia, pale pale ulipopiga magoti."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesemaje? Ni mama yako."

"Ukasemaje, Raitis?"

"Nikasema ndiyo."

Neno lenyewe hilo. Nililibeba tangu alfajiri kumletea yeye, nikaliruka nalo mtaro, nikapita nalo chini ya matawi nisilimwage, kumbe yeye alishalitumia siku nyingi, kwa mtu mwingine, kwa jambo jingine.

"Ulijua nakuleta hapa leo kwa nini?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Alishindwa kunitazama.

"Ulijua lini? Kwenye jiwe?"

"Ulipochukua kikapu."

"Na ukaniacha nitembee nusu saa nikichekacheka kama mwehu."

"Nilitaka kukwambia njiani. Ulinikatiza."

"Ah! Kwa hiyo kosa ni langu. Pole sana, nilikukatiza ulipokuwa unaniacha."

Akatoa simu mfukoni, akanionyesha. Ilikuwa tiketi ya ndege. Nikaisoma yote, herufi kwa herufi, ili nisimtazame usoni. Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jina lake. Jina moja.

"Kiwanda kile cha zamani cha Ayalandi kimenichukua tena," akasema. "Nafikiri ndivyo bora. Kwako pia."

"Usinifikirie mimi, tafadhali. Mmenifikiria vya kutosha, wewe na mama. Na leo ulikuja kuniaga?"

Hapo akamtazama mbwa. Akamtazama kwa muda mrefu, akamkuna lile sikio lililolala.

"Kule tutakaa watu watatu chumba kimoja," alisema polepole. "Hawaruhusu wanyama."

Upepo ulipita juu ya miti, na mimi nikasubiri, kwa sababu sikuamini kwamba atalisema.

"Anakupenda sana, Velga. Ukiwa hupo hukaa dirishani anakungoja."

"Raitis. Umekuja kuniachia mbwa?"

Akaendelea kulikuna lile sikio.

"Umekuja kuniachia mbwa!" Nikaangua kicheko, kicheko kibaya, hata Rudzis akalaza sikio la pili. "Mmegawana vizuri kweli! Mama kanipata mimi, mimi nimepata mbwa, na wewe umepata ndege. Hakuna aliyepunjwa!"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe. Wewe ndiye uliyefanya mazoezi."

Akainuka, akanijia, akanishika mabega. Na hapa nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Aliponishika hasira yote iliniyeyuka. Nilinusa koti lake, moshi na mbwa na sabuni ile ya kijani, na nikamtazama macho yale niliyoyapenda miaka mitatu, na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu. Nilimbembeleza.

"Niulize tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Lile la usiku wa Jāņi. Niulize sasa hivi, nitakujibu. Mama nitamtafutia mtu wa kukaa naye, dada yake yupo Talsi, atakuja. Nitarudi kila mwezi. Mbwa, tutapata mahali pa kukaa naye. Niulize tu, Raitis. Ni maneno matatu."

Alinitazama. Nakumbuka kila kitu: kijani nyuma yake, jani moja la manjano limemganda begani, midomo inayojiandaa kusema. Nilidhani anajiandaa kuuliza.

"Siwezi kumvunjia mama yako ahadi," alisema.

Nikaitoa mikono yake mabegani, mmoja mmoja, taratibu.

"Nipe kamba ya mbwa."

Akanipa.

"Upite ufukweni. Njia ile ni yangu leo, sitaki kukuona mgongo mpaka nyumbani."

"Velga, mimi nilikupenda."

"Ufukweni, Raitis."

Akainama kumkumbatia Rudzis, akamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia, akaondoka kuelekea sauti ya bahari. Mbwa alidhani ni mchezo. Alivuta kamba, akalia, akanitazama, akavuta tena, mpaka miguu yake ikachimba zulia la kijani na udongo mweusi ukatokea. Nilijifunga kamba mkononi mara mbili nikamshikilia. Nililia naye pale, sote wawili kwa sauti, hakukuwa na mtu wa kumwonea haya.

Kisha nikachukua kisu. Nikakata uyoga wote niliouona, mkubwa na mdogo, hata ule wa ukubwa wa kidole ambao mtu mwenye akili huuacha ukue. Sikufunika hata mmoja.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naandaa maneno ya mama. Nilianza na makali, nikayaona hayatoshi, nikatafuta mengine. Nilipofika nyuma ya makaburi nilikuwa na hotuba nzima.

Nikasukuma mlango wa jikoni kwa mguu.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, kile cha Pasaka. Sahani zilikuwa tatu, zile za bibi zenye ukingo wa bluu, ambazo mara ya mwisho zilitoka kabatini siku ya mazishi ya baba. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, amevaa kizibao chake cha sikukuu, uso umemwiva kwa moto.

"Mmefika?" alisema bila kugeuka. "Raitis, vua mabuti, sakafu nimeipiga deki. Viazi viko tayari."

"Hayupo."

"Anafunga mbwa?"

"Hayupo, mama. Anaondoka Jumanne. Hongera, umeshinda."

Akageuka. Alikuwa anatazama mahali palipo karibu na mimi, sio mimi hasa. "Nimeshinda nini?"

"Usijifanye! Nimefika pale. Nimeona matunda ya msonobari, saba, umeyapanga vizuri. Ulimpeleka ukamlilia aniache. Huna mtu, utabaki gizani. Na mbona hukuniambia mimi habari ya macho yako? Mimi mwanao! Ukaona umwambie yeye, ili umpate vizuri!"

Mama aliweka mwiko juu ya jiko. Haukukaa sawa, ukaanguka, hakuuokota.

"Nani kakwambia nilimwambia akuache?"

"Yeye."

"Raitis kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Akapapasa kiti, akakaa. Kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka.

"Velga, mwanangu, njoo hapa karibu nikuone. Nilimwambia akusubiri mpaka Machi. Machi nimepangiwa kupasuliwa macho mjini. Nikamwambia, niachie binti yangu miezi hii mitano, nikishaona mwenyewe mchukue umpeleke hata mwezini. Sikukwambia wewe kwa sababu ungesema utabaki. Nakujua. Ungebaki, halafu ungenichukia maisha yako yote."

"Na yeye akasemaje?"

"Alinibusu mkono. Akaniita mama. Akasema, 'Miezi mitano ni nini, mama.' Nikalia, ndiyo nililia, nilikuwa nimefurahi." Akageuza uso kunielekea. "Mtoto wewe, akili umeiacha wapi? Mimi ningempeleka pale mtu ninayemfukuza?"

Hapo nikakaa chini palepale mlangoni, kikapu mapajani, mbwa ubavuni.

Kwa sababu nilijua. Tangu nina miaka saba nilijua kwamba pale haonyeshwi mtu mpaka awe wa nyumbani. Mama alimwonyesha Raitis. Alikuwa amempokea, kwa njia kubwa kuliko zote anazozijua, na hata baba hakupewa heshima hiyo kabla ya harusi. Matunda yale saba yalinieleza yote, nikapiga magoti mbele yake, nikayahesabu, na nikachagua kuliamini neno la mwanamume juu ya mama yangu.

Kisha nikaikumbuka ile tiketi niliyoisoma herufi kwa herufi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na siku ilipokatwa. Tarehe tatu Septemba. Mama alimpeleka msituni tarehe ishirini na nane ya mwezi huo huo. Alitembea na mama amemshika mkono, akamwonyesha uyoga, akabusu ule mkono na kumwita mama, na muda wote huo tiketi ilikuwa mfukoni. Alikuwa anatafuta sababu tu ya kuniambia, na mama yangu, kwa machozi yake, alimpa.

Nje, mbali, gari likawashwa upande wa ufukweni. Rudzis akasimama.

"Mkimbilie," alisema mama. Alikuwa ameinuka, ameshika meza. "Velga, kimbia, utamkuta pale darajani. Mwambie amenielewa vibaya. Mimi ni mzee, naongea ovyo, mwambie..."

"Hakukuelewa vibaya, mama."

Gari likapita nyuma ya nyumba ya jirani, likabadilisha gia, likaenda. Mama alibaki ameinua uso kulisikiliza mpaka lilipokwisha kabisa. Niliona neno langu linavyomwingia polepole, na laiti ningeweza kulirudisha.

"Nilimwonyesha mahali petu," alisema.

"Najua."

"Sasa anapajua."

"Anapajua, mama."

Akaja mpaka nilipokuwa, akainama, akaingiza mkono kwenye kikapu. Vidole vyake vikapita juu ya uyoga, vikafika kwenye ule mdogo wa kidole, vikasimama.

"Umewakata hata watoto."

"Ndiyo."

"Uliwafunika?"

"Sikuwafunika."

Nilitegemea anigombeze. Aliniwekea kiganja kichwani, kikiwa na udongo na yote, akakiacha hapo. "Kesho utanishika mkono," alisema, "tutakwenda kuwafunika."

Tukakaa kula, kwa sababu viazi vilikuwa tayari na hatukujua la kufanya jingine. Sahani ya tatu ilikuwa mbele yetu, na kila nilipoinua kijiko niliuona ule ukingo wa bluu. Mwishowe nikainyanyua, nikapakua viazi na mchuzi, nikaiweka sakafuni karibu na mlango. Sahani ya bibi, na mbwa ambaye hajawahi kuruhusiwa kuvuka kibaraza. Nilimtazama mama, nangoja.

"Vya moto hivyo," alisema mama. "Mpulizie kwanza."

Nikapiga magoti, nikampulizia mbwa wa Raitis viazi vyake. Alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Kisha akala. Alilamba sahani mpaka ikawa inamkimbia, inakwaruza sakafuni kuelekea jiko, na yeye anaifuata.

Mama aligeuza uso kuelekea ile sauti, akasikiliza.

"Amemaliza?"

"Amemaliza, mama," nikasema. "Hajaacha kitu."